Michezo ya Zamani Inayouzwa Upya: Bei Yake, Hakimiliki Yake na Riziki ya Vibandani

 

Tarehe 2 Oktoba 2025 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza tena michezo yake miwili ya zamani: Super Mario Galaxy wa mwaka 2007 na Super Mario Galaxy 2 wa mwaka 2010. Yote miwili pamoja ni dola 69.99. Ukitaka mmoja peke yake wa kupakua kwenye intaneti, ni dola 39.99. Mzazi wa Mwanakwerekwe au wa Wete anaweza kusema habari hii haimhusu, kwani nani hapa atatoa zaidi ya laki moja na nusu kwa gemu? Ni kweli, wachache. Lakini michezo hiyohiyo imo kwenye simu za watoto wetu na kwenye vibanda vya mitaani, na haikufika huko kwa kununuliwa. Maswali yanayonijia juu ya jambo hili yamekuwa mengi, na majibu yanayopita mitaani mengine ni mepesi mno: yuko anayesema "mali ya makafiri, chukua tu", na yuko anayesema gemu zote ni haramu kwa hivyo hakuna cha kujadili.

Tuanze na bei. Mchezo huo wa 2007 ulipotoka mpya Marekani uliuzwa dola 49.99. Mwaka 2020 kampuni iliutia katika mkusanyiko mmoja na wenzake wawili, Super Mario 64 wa 1996 na Super Mario Sunshine wa 2002, yote mitatu kwa dola 59.99. Yaani kila mmoja kama dola 20. Lakini mkusanyiko ule uliwekewa muda: ulianza kuuzwa tarehe 18 Septemba 2020 na ukaondolewa sokoni tarehe 31 Machi 2021. Aliyechelewa akakosa. Sasa mmoja kati ya ile mitatu, ukiwa na umri wa miaka 18, umerudi peke yake kwa dola 39.99. Friji la mtumba la Dubai likikaa miaka kumi na nane hulikuti ghali kuliko lilivyokuwa miaka mitano nyuma. Hapa kitu kimezeeka na bei imepanda.

Sababu yake si fumbo. Mwenye mali ni mmoja tu, na hakuna duka la pili la kwenda kupatana. Pili, mashine zinabadilika: diski ya mashine ya Wii haiingii kwenye mashine mpya, kwa hivyo hata aliyenunua mwaka 2007 kwa pesa yake halali anatakiwa anunue tena. Tatu, maduka ya intaneti ya mashine za zamani yanafungwa. La Wii lilifungwa Januari 2019, na ya Wii U na 3DS yakafungwa tarehe 27 Machi 2023.

Je, sharia inasemaje juu ya bei kama hiyo? Imepokewa kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie, naye akakataa, akaeleza kuwa Allah ndiye mwenye kubana na kukunjua, na kwamba anataka kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhulma. Ndiyo msingi wa madhehebu yetu ya Shafi: mwenye mali huuza kwa bei aitakayo madhali mnunuzi ameridhia. Ama katazo la kuhodhi bidhaa ili bei ipande, wanavyuoni wetu wameliweka kwenye vyakula, kile ambacho watu wakikikosa wanapata madhara. Mwanadamu hafi kwa kukosa Mario. Kwa hivyo ghali ile, hata ikituudhi, si dhulma ya kisharia, na dawa yake ni kutonunua.

Hata hivyo bei kubwa ni jambo moja na kuficha aibu ya bidhaa ni jambo jingine. Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Rockstar ya Marekani ilitoa upya michezo yake mitatu ya Grand Theft Auto ya miaka ya 2001, 2002 na 2004, kwa dola 59.99. (Yaliyomo ndani ya michezo hiyo, wizi, mauaji na uchafu, hayafai nyumba ya Muislamu kwa bei yoyote; nataja biashara yake tu.) Wiki chache kabla ya hapo ile ya asili iliondolewa kwenye maduka ya intaneti. Toleo jipya likatoka limejaa kasoro, watu wakalalamika, na mwezi huohuo kampuni ikaomba radhi hadharani na kuahidi kuirudisha ya asili kwa watumiaji wa kompyuta. Nani asiyekumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) kutia mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini pamerowa? Muuzaji akaulizwa kwa nini hakuweka ule unyevu juu watu wauone. Fiqhi inampa mnunuzi wa namna hii khiyari ya kurudisha kitu kwa aibu aliyoikuta.

Liko jambo zito zaidi, na naona halizungumzwi vya kutosha. Unapobonyeza "nunua" kwenye duka la intaneti, unanunua nini? Mchezo wa The Crew wa kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ulitoka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima mitambo yake, na waliolipa pesa zao hawakuweza kuucheza tena hata wakiwa peke yao majumbani. Jimbo la California likatunga sheria, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja wazi kuwa anachopewa ni ruhusa ya kutumia tu.

Mwanafunzi wa fiqhi akilitazama hilo anaona mara moja tatizo liko wapi. Ikiwa ni bai, basi kitu kimehamia kwenye milki ya mnunuzi na muuzaji hana njia ya kukirudia. Ikiwa ni ijara, basi sharti la ijara ni manufaa yajulikane na muda ujulikane. Nani aliyewahi kuambiwa muda? Akdi inaitwa mauzo, inaendeshwa kama ukodishaji, na ukodishaji wenyewe hauna mwisho unaojulikana. Hiyo ni gharari. Wanavyuoni wa Shafi wamejadili kama akdi huangaliwa kwa tamko lake au kwa maana yake, lakini hapa ukiiangalia kwa upande wowote haikai sawa. Rai yangu ni kuwa Muislamu akipata nafasi ya kununua diski au nakala inayobaki mkononi mwake, ni salama zaidi kuliko ruhusa inayoweza kuzimwa.

Sasa hakimiliki. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Kuwait Disemba 1988 na katika azimio lake namba 43 likapitisha kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zinazolindwa kisharia, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Ikhtilafu ilikuwepo na ipo. Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani hakuiona haki ya kunakili kuwa kitu cha kuuzwa. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, akaikubali. Kwa madhehebu ya Hanafi mjadala ulikuwa mgumu kwa sababu kwao manufaa si mali kwa asili yake. Kwetu sisi manufaa ni mali, kwa hivyo mlango uko wazi zaidi.

Najua wazee wenzangu watanikumbusha kuwa vitabu tulivyovisoma chuoni vilinakiliwa kwa mkono, na hakuna aliyemtafuta mtunzi amlipe. Kweli. Lakini watunzi wale waliandika wakitaka vinakiliwe, na mpaka leo utakuta kitabu kimeandikwa kwenye jalada kuwa haki ya kukichapa ni ya kila Muislamu. Hiyo ni ruhusa ya mwenyewe. Hata kwenye gemu wako waliofanya hivyo: kampuni ya Revolution ya Uingereza ilitoa mchezo wake wa 1994, Beneath a Steel Sky, uchukuliwe bure kuanzia 2003. Mwenyewe akisema chukueni, chukueni.

Ama hoja ya "mali ya makafiri", naikataa. Makureshi walikuwa wanapanga kumuua Mtume (s.a.w.), naye usiku wa hijra alimwacha Ali (r.a.) Makka ili arudishe amana zao. Sisi na hao wenye kampuni hatuna vita. Tuna biashara na mikataba. Juu ya hayo Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999, na ndiyo inayowalinda wasanii wetu wa taarab. Huwezi kutaka ilinde nyimbo za mjomba wako na isilinde kazi ya Mjapani.

Lakini lazima niseme na upande wa pili. Sheria ya Marekani inaipa kazi ya kampuni miaka 95 tangu kutolewa. Super Mario Bros. ulitoka 1985, kwa hesabu hiyo utakuwa umefungwa mpaka mwisho wa 2080. Azimio la Kuwait halikuweka muda wowote, na mimi sioni maslahi gani ya mtunzi yanayohitaji karne nzima. Wakati huohuo, Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti ulioonesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotoka nchini humo kabla ya 2010 haiuzwi tena popote. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti michezo hiyo kwa mbali kupitia intaneti. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa. Mwenye mali hauzi, na hataki wengine wahifadhi.

Je, kunyamaza kwake ni ruhusa? Kanuni inayonasibishwa kwa Imam Shafi (r.a.) ni kuwa aliyenyamaza hahesabiwi amesema. Kwa hivyo sisemi ni ruhusa. Ila natofautisha. Kunakili mchezo ambao mwenyewe anauuza leo ni kumkatia mtu soko lake. Kutazama nyumbani mchezo ambao mwenyewe hajulikani au hauuzi kabisa, hakuna soko lililokatwa, na natarajia jambo lake ni jepesi, ingawa kuacha ndiyo wara. Kuufanyia biashara ni mlango mwingine kabisa, na haukufunguka. Vilevile programu ya kuigiza mashine ya zamani si sawa na michezo inayotiwa ndani yake: mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa dai la Sony dhidi ya kampuni ya Connectix iliyotengeneza programu kama hiyo. Kinyume chake, waliokuwa wakigawa nakala za michezo ya Nintendo kwenye mitandao yao walishtakiwa 2018 na wakaishia na hukumu ya zaidi ya dola milioni 12.

Hapa naingia kwenye swali lililonifanya niandike. Kijana mmoja ana kibanda. Alinunua mashine iliyojazwa maelfu ya michezo ya zamani, anawatoza watoto kwa muda wanaocheza, na kwa pesa hiyo anamlisha mama yake na wadogo zake wawili. Ameuliza: je, riziki yangu ni haramu, na niliyokwisha kula nifanye nini?

Jibu langu kwake ni hili. Mwanangu, kutafuta kwa ajili ya mama yako ni ibada, wala usiache mtu akakufanya ujione mwizi wa mabavu. Uliyokwisha kuyapata hali hujui hukumu yake, na ndani yake mna jasho lako, umeme wako na kodi ya kibanda, siyasemi uyatupe. Kwa yaliyopita kabla ya kujua kuna wepesi, nawe omba maghfira. Ama baada ya kujua, nakala zile zisiwe ndiyo bidhaa yako. Na usidhani kununua diski halali kunamaliza kila kitu, kwani masharti ya nyingi ni matumizi ya nyumbani, na Waislamu wanatakiwa watimize masharti. Iko michezo ambayo wenyewe wameitoa kwa ruhusa pana, pamoja na ya biashara. Mashindano ya magari ya SuperTuxKart ni mmoja, na watoto wanaupenda. Anza na huo, ongeza mingine ya namna yake, na zile kompyuta zako mbili zitumie pia kwa kuchapa barua na kazi za skuli. Kabla ya kununua mashine nyingine, pita kwenye ofisi ya hakimiliki hapa Unguja uulize, maana kuuliza hakuna ada ya dhambi. Adhana ikiadhiniwa, funga kibanda. Na mtoto mwenye juzuu mkononi saa za chuo usimpokee pesa yake.

Wallahu a'lam.