Maziwa ya ng'ombe yana cheo ofisini

SHANGAZI HANYAMAZI
Na Shangazi Pili

Wiki hii nilikwenda ofisi moja pale Posta kufuatilia muhuri. Muhuri wenyewe naambiwa uko "njiani" tangu enzi za Ngoswe. Nimekaa kwenye benchi, mara akatoka chumba cha chai bwana mmoja mwenye tai, kashika kikopo kwa vidole viwili kama aliyeokota mjusi aliyekufa. Kikopo kimefunikwa vizuri, kimebandikwa karatasi yenye tarehe na saa. Akakitua juu ya kabati la mafaili, jua la dirishani linakipiga, kisha akapaza sauti: "Nani kaweka maziwa yake kwenye friji ya watu?"

Mwenyewe ni binti wa mapokezi, ndiyo kwanza karudi likizo ya uzazi. Maziwa aliyakamua chooni, kwa sababu ndiko kwenye mlango wenye komeo. Hakujibu neno. Alikwenda kukichukua huku kajifunika khanga kifuani, blauzi imeshaloa.

Mimi na umbea wangu nikachungulia kwenye friji. Soda, kipande cha keki, na pakiti mbili za maziwa ya ng'ombe. Hizo hakuna aliyezigusa.

"Kaka," nikamuuliza, "hawa ng'ombe mmewaajiri lini?"

"Bimkubwa, hapa ni ofisini, si kliniki."

Ofisi hiyohiyo ilimchangia binti kabla hajajifungua: sare za vitenge, beseni, keki ya ghorofa, na bosi alicheza mpaka koti likamvuka. Ila watu hawa walilipenda tumbo, mtoto hawamtaki.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wakati huohuo kliniki wanamwambia mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita. Siku 84 hazifiki hata nusu yake! Ndiyo maana kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha muda wa kazi, isizidi saa mbili kwa siku. Haki nzuri, ila mtoto wa binti huyu analelewa na bibi yake Chanika. Kwa foleni yetu, saa mbili zinamwishia Gongo la Mboto, na hapo hajageuza.

Basi lazima akamue. Maziwa hayo kwenye chumba cha kawaida yanastahimili kama saa nne, kwenye friji hadi siku nne. Juu ya kabati, kwenye jua la Dar, pigeni hesabu wenyewe. Wenzetu Kenya, Sheria yao ya Afya ya 2017 inamwagiza mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea chenye sehemu ya kuhifadhi maziwa kwa ubaridi. Kama inatekelezwa, waulizeni wao. Mabosi wetu wanasubiri waandikiwe hata heshima.

Kina mama, acheni kuomba kwa kunong'ona. Andikeni barua, tajeni kifungu cha 33, nakala ipelekeni kwa chama cha wafanyakazi. Bosi akikaidi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya mabosi wa aina hiyo.