Rangi ya maharagwe isimponze mkulima

Mkulima wa Vihiga au Kakamega aonapo maharagwe machanga yakigeuka manjano na kunyauka, hulaumu mvua. Akiung'oa mche, hukuta mizizi imeoza. Wahalifu ni vimelea wa udongoni, hasa Pithiamu na Fusariamu, ambao huongezeka pale kishamba kimoja kinapopandwa maharagwe kila msimu bila samadi.

Samadi, matuta yasiyotuamisha maji na kubadilisha mazao hupunguza hasara. Hata hivyo, kinga rahisi zaidi ni mbegu. Baada ya ugonjwa huu kuvamia eneo hilo miaka ya 1990, wakulima waliletewa aina zinazouvumilia: KK 8, KK 15 na KK 22.

Tatizo ni soko. KK 15 ni nyeusi, na mnunuzi aliyezoea Rosecoco huitazama kando, ingawa Rosecoco ndiyo huoza upesi. Wachuuzi wanaoikataa kwa rangi tu wanajikosesha bidhaa msimu wa mvua nyingi. Wakati wakijadiliana bei, mkulima apande KK 15 penye ugonjwa kwa chakula cha nyumbani, na Rosecoco ya kuuza aiweke palipopumzishwa.