Tafakuri ya Mwanafunzi na Kalamu ya Mwalimu: Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Filamu Fupi

Mwanafunzi wa filamu hudaiwa kazi mbili. Kwanza hutakiwa kutengeneza filamu fupi, aghalabu ya dakika nne au tano. Pili hutakiwa kuandika tafakuri, yaani maelezo ya namna alivyoiwaza kazi hiyo, alivyoitekeleza, na alivyoiona ilipokamilika. Utaratibu huu si wa nchi moja. Mathalani, katika mtaala wa somo la filamu wa A-level ulioanza kufundishwa na bodi ya Eduqas ya Uingereza mwaka 2017, mtahiniwa aliandamanisha filamu yake na uchambuzi wa maneno 1,600 hadi 1,800, na uchambuzi huo ulipewa alama 20 kati ya 60 za kazi yote. Theluthi nzima ya alama, basi, ilitokana na kalamu wala si kamera. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: mwalimu aisomapo tafakuri ya namna hiyo, huwa anajibu nini hasa?

Chukuliwe mfano wa mwanafunzi aliyetengeneza filamu juu ya mvuvi mzee anayemngoja mwanawe asiyerudi. Katika dakika ya tatu mzee anazungumza na jirani yake ufukweni, lakini maneno hayasikiki. Kinachosikika ni upepo mtupu. Katika tafakuri yake mwanafunzi ameandika: “Niliamua kuondoa sauti ili kudhihirisha upweke wa mhusika.” Sentensi imenyooka na istilahi zimekaa mahali pake. Mwalimu anaitia alama ya vema, kisha anaandika pembeni: “Vizuri sana. Fafanua zaidi.” Ukweli ni kwamba kinasa sauti hakikukingwa dhidi ya upepo, na mazungumzo yote yakapotea. Mwanafunzi aligundua hasara hiyo mezani pa uhariri, siku mbili kabla ya kukabidhi kazi. Upweke ulizuka baadaye, wakati wa kuandika.

Si haki kuliita jambo hili uongo wa mwanafunzi na kuishia hapo. Utengenezaji wa filamu umejaa ajali, na yule aliyeketi usiku kucha akitafuta namna ya kuiokoa picha iliyokosa maneno alikuwa anafikiri kama mhariri wa kweli. Alilolificha ndilo lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote aliyoyaandika. Amelificha kwa sababu amekwisha kujifunza, pengine tangu sekondari, kwamba tafakuri hupimwa kama ushahidi wa dhamira: kila picha ionekane ilikusudiwa, kila mkato uwe na hoja. Donald Schön, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alitofautisha fikra inayofanyika ndani ya tendo na ile inayofanyika baada ya tendo. Tafakuri ya filamu ingepaswa kuileta ile ya kwanza kwenye karatasi. Maneno “vizuri sana” yaliyoandikwa pembezoni mwa sentensi ya upweke yanaithibitisha ile ya pili peke yake, na hata hiyo katika sura yake iliyopakwa rangi.

Neno mrejesho, ambalo limezoeleka siku hizi kwa maana ya maoni anayopewa mtu juu ya kazi yake, linatokana na kitenzi kurejesha. Ni neno lenye bahati, kwani linadai kwamba kuna mahali mtu anarejeshwa. Katika suala hili mahali penyewe ni filamu. Mwalimu aliyeiweka filamu mbele yake wakati wa kusoma angeandika hivi: “Katika dakika ya tatu midomo ya mzee inatembea na maneno hayasikiki. Hakuna mahali pengine ulipoondoa sauti. Ilikuwaje hapa?” Swali hilo si la kipolisi. Linampa mwanafunzi mwanya wa kusema kweli bila kuaibika, na akishaisema, linafuata swali la pili, ambalo ndilo la ufundi: kama angejua mapema kwamba sauti haitapatikana, kamera angeiweka wapi? Yamkini angeiweka nyuma ya mzee, midomo isionekane, na upepo ukawa ndio mazungumzo. Katika *Pumzi* (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, wahusika huwasiliana kwa mashine badala ya vinywa, na ukimya wao ni kanuni ya ulimwengu ule tangu mwanzo. Ukimya unaotokea mara moja tu, tena mbele ya midomo inayocheza, hauwezi kutetewa kwa hoja iyo hiyo.

Katika idara za Kiswahili kuna kishawishi kingine. Kalamu ya mwalimu hukimbilia upatanisho wa kisarufi. Makosa ya lugha yasahihishwe, hilo halina ubishi. Lakini ukurasa wenye masahihisho ishirini ya lugha na hata moja lisiloihusu filamu unamwambia mwanafunzi waziwazi ni kazi ipi iliyosomwa.

Itasemwa kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 80 hana wasaa huo. Filamu 80 za dakika nne nne ni dakika 320, yaani zaidi ya saa tano za kutazama tu, na hesabu hiyo haikwepeki. Ikiwa saa hizo hazipo, basi heri tafakuri ifupishwe iwe ukurasa mmoja unaohusu maamuzi mawili au matatu, kuliko kusoma kurasa sita kuhusu filamu ambayo msomaji ameisahau. Pingamizi lililo zito zaidi ni jingine: kwamba wanafunzi wakishajua kuwa kukiri ajali hakupunguzi alama, kukiri nako kutageuka kanuni, na kila tafakuri itakuwa na kinasa sauti chake kilichoharibika. Hili litatokea. Kinga yake ni filamu yenyewe, kwa kuwa ajali iliyokiriwa sharti ionekane au isikike mahali fulani, kwa dakika na sekunde.

Suala la alama pia linahitaji kuangaliwa upya. Utafiti wa Ruth Butler uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maoni pasipo alama walifanya vizuri zaidi katika kazi iliyofuata kuliko wale waliopewa maoni pamoja na alama. Mtu akishaiona alama, maoni huwa mapambo. Mwaka mmoja baadaye Royce Sadler alieleza kwamba taarifa anayopewa mwanafunzi haiwi mrejesho mpaka itumike kupunguza pengo kati ya kazi ilivyo na inavyotakiwa kuwa. Kwa hiyo maswali ya mwalimu yatangulie, alama ibakizwe, na mwanafunzi apewe juma moja arudi kwenye meza ya uhariri. Mzee wa ufukweni ataonekana kwa mgongo, au jirani atakatwa kabisa, au midomo itaachwa kama ilivyo kwa sababu ambayo mwalimu hakuifikiria. Tafakuri itakayoandikwa baada ya hapo itakuwa na jambo la kumwambia mwalimu.