Udaktari Marekani: Masomo Mangapi kwa Anayekesha Kazini?

Mzazi aliyesomea Tanzania au Kenya anaijua njia ya udaktari. Mtoto anafaulu sayansi sekondari, anaingia chuo kikuu moja kwa moja, na akiwa Muhimbili, baada ya miaka 5 ameshika shahada yake na kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo hospitalini. Marekani mambo hayaendi hivyo. Shule nyingi za udaktari zinataka mtu aliyekwishapata shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni krediti 120, na ndani yake awe amepita kemia, biolojia, fizikia na biokemia pamoja na maabara zake. Miaka hiyo ya kabla ya udaktari ndiyo inayowachanganya vijana wetu wa Minnesota, Lowell, Louisville na Portland ya Maine. Hakuna anayewapangia ratiba. Kila mmoja anaamua mwenyewe asome kwa muda kamili, yaani krediti 12 au zaidi kwa semesta, au achukue masomo mawili tu na muda uliobaki afanye kazi.

Na kazi yenyewe tunaijua. Wengi wana cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kinachopatikana kwa mafunzo ya wiki chache, na wanahudumia wagonjwa kwenye nyumba za wazee. Zamu ya saa 12 huanza saa 1 jioni na kuisha saa 1 asubuhi. Usiku kucha unawageuza wazee kitandani wasipate vidonda vya mgongo, unabadilisha shuka, unapima presha, unajaza kumbukumbu za kila chumba. Ukitoka, maabara ya kemia inaanza saa 2 na nusu. Unaingia na sare zako za kazini, macho mekundu, kushika bomba la kioo na kuhesabu matone ya tindikali ambayo tone moja likizidi jaribio lote limeharibika. Na kama mwenzako wa zamu ya asubuhi hakutokea na msimamizi akakubembeleza ubaki, basi maabara umeikosa.

Nyumbani ushauri ni mmoja: soma haraka, umalize. Ikifika miaka 6 na kijana bado yuko chuo, shangazi na majirani wanaanza kuuliza. Ushauri huo unatoka kwenye mapenzi, lakini kwa mtu anayekesha kazini ni ushauri mbaya, na nitaonyesha kwa hesabu.

Chukua mwanafunzi aliyebeba mzigo kamili kwa semesta 4 huku akifanya zamu tatu kwa wiki. Ana krediti 60 na wastani wa 2.8. Anashtuka, anapunguza kazi, na krediti 60 zinazobaki anapata A tupu, jambo ambalo ni wachache wanaoliweza. Wastani wake wa mwisho utakuwa 3.4. Waliojiunga na shule za udaktari za Marekani mwaka 2023 walikuwa na wastani wa 3.77. Mwaka huo waombaji walikuwa zaidi ya 52,000 na waliojiunga walikuwa takriban 23,000. Mwenye 3.4 hajafungiwa mlango, lakini anaanza akiwa nyuma, na sababu ni semesta 4 alizozisoma akisinzia.

Tena alama hizo hazifutiki. AMCAS, mfumo ambao shule nyingi hupokelea maombi, unadai transkripti ya kila chuo ulichowahi kusoma, hata kama ulichukua somo moja tu na kuondoka. Ukirudia somo ulilofeli, alama ya kwanza na ya pili zote huingia kwenye hesabu. Halafu wastani wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati hukokotolewa peke yake, kwa hiyo huwezi kuificha C ya kemia nyuma ya A za historia. Hakuna shule inayomkataa mtu kwa sababu tu shahada yake ilichukua miaka 6 badala ya 4. Kwa anayelazimika kufanya kazi, basi, masomo machache yenye alama nzuri ni bora kuliko mengi yenye alama za kubahatisha. Hilo nalisema bila kusita.

Ila kusoma kidogo kidogo nako kuna mitego. Kemia ya kwanza hufungua ya pili, ya pili hufungua kemia ya kaboni, nayo ina sehemu mbili, kisha ndipo biokemia. Hizo ni semesta 5 hata kwa anayesoma usiku na mchana. Vyuo vingi hufundisha baadhi ya hatua hizo mara moja tu kwa mwaka, hivyo ukiruka moja umepoteza mwaka mzima. Ukilazimika kupunguza, punguza historia, fasihi na masomo mengine ya jumla, uyasogeze majira ya joto au uyasome mtandaoni. Mnyororo wa kemia usiukate.

Pesa nazo zina masharti. Ruzuku ya serikali ya Pell hupungua kadiri krediti zinavyopungua, ingawa muda wake wa kuitumia, sawa na semesta 12 kamili, nao huliwa polepole vilevile. Mikopo ya serikali kuu inataka angalau nusu ya mzigo, yaani krediti 6. Aliyekuja kwa viza ya F-1 hana cha kuchagua: sheria inamtaka asome kwa muda kamili.

Mtego mkubwa zaidi uko mwishoni. Shule ya udaktari yenyewe ni miaka 4 ya muda kamili. Kamati ya udahili ikiona mtu hajawahi kubeba zaidi ya masomo mawili kwa semesta, ina haki ya kujiuliza kama ataumudu mwaka wa kwanza. Kwa hiyo anayesoma kwa nusu mzigo anahitaji walau mwaka mmoja wa mzigo kamili, wenye sayansi ngumu ndani yake, kabla ya kuomba. Na mtihani wa kuingia shule ya udaktari, MCAT, unaokula karibu siku nzima, unadai miezi ya maandalizi ambayo haikai pamoja na zamu za usiku.

Chukua mfano wa Alfredo Quiñones-Hinojosa, aliyeingia Marekani kutoka Mexico mwaka 1987 akiwa na miaka 19. Alilima mashambani California, kisha akachomelea vyuma kwenye mabehewa ya reli huku akisoma San Joaquin Delta College, chuo cha jamii mjini Stockton. Kutoka hapo alikwenda Berkeley, halafu Harvard, alikohitimu udaktari mwaka 1999, na akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Habari zake husimuliwa sana kama ushahidi kwamba bidii inatosha. Mimi naangalia zaidi ile hatua ya katikati: alianza na chuo cha jamii huku akifanya kazi, na mzigo mkubwa ukaja baadaye, Berkeley.

Vyuo vina wajibu hapa. Harvard Extension School hufundisha masomo ya kabla ya udaktari jioni, kwa hiyo ratiba ya kumfaa mfanyakazi inawezekana. Vyuo vya jamii vinavyopokea wafanyakazi wengi wa nyumba za wazee vingeanza kwa kuweka maabara za jioni na Jumamosi.

Na sisi pia. Jamii zetu ughaibuni zinajua kuchanga. Msiba ukitokea, maelfu ya dola hupatikana kwa siku chache ili mwili urudishwe nyumbani. Harusi ina kamati, mweka hazina na kundi la WhatsApp linalokumbusha ahadi kila jioni. Kijana aliyefika mwaka wa mwisho kabla ya kuomba udaktari, mwenye alama nzuri na zamu tatu za usiku, anahitaji kodi ya chumba na chakula kwa miezi 9 ili aache kukesha. Kamati ya kumchangia ingeundwa na watu wale wale, kwa utaratibu ule ule, na fedha zikalipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba.