Pointi Kwa DL: Dere wa Mombasa, Chai Itapanda Bei

Wasee wa 001, tupige hesabu kidogo.

Sema unaendesha tuktuk kutoka Mwembe Tayari kuelekea Fort Jesus. Simu inalia, unashika. Karao anakusimamisha. Kwa zile sheria za makosa madogo za 2016, hiyo ni faini ya 2,000. Unalipa, unasonga. Kesho ukishika tena ni 2,000 ingine. Mwenye Prado hata haisikii, lakini wewe hapo umechoma siku nzima ya kazi.

Sasa cheki mfumo wa pointi. Uingereza, kushika simu ukiendesha ni pointi 6 kwa leseni, juu ya faini ya pauni 200. Ukifikisha 12 ndani ya miaka 3, kawaida korti inakutoa barabarani angalau miezi 6. Simu mbili tu, kwisha. Na kama leseni yako haijafika miaka 2, pointi 6 zinatosha kuifuta, unarudi kufanya mtihani upya.

Huku kwetu pia wazo la pointi limekuwa likiongelewa tangu leseni za smart zenye chipu zianze kutolewa. Na lina maana. Pointi hazinunuliki dukani, kwa hivyo sonko na dere wa tuktuk wanaumia sawa.

Sawa kweli? Sonko akinyang'anywa DL ataajiri dereva. Wewe hiyo tuktuk ndiyo ofisi. Miezi 6 bila leseni ni miezi 6 bila unga, na mwenye chombo atampa msee mwingine kesho asubuhi.

Halafu kuna hii ya chai. Kama kosa ni faini ya 2,000, huwezi toa hongo ya 5,000. Lakini kosa likiweza kukutoa kazini nusu mwaka, utatoa ngapi ndo lisiandikwe? Chai inapanda bei hapo hapo. Mwishowe mwenye pointi nyingi anaweza kuwa si dere mbaya kushinda wote, ni yule tu alikosa ganji siku hiyo.

Simaanishi tuziache. Pita Ndia Kuu watoto wakitoka chuoni uone vile tuktuk, boda na watu wanagombania njia moja nyembamba. Dere anayerudia kosa kila wiki lazima kuna siku aambiwe basi, kabla hajagonga mtoto wa mtu.

Lakini pointi zikija, tudai vitu vitatu: uzione kwa simu yako siku hiyo hiyo, uweze kuzipinga bila wakili, na zifutike ukiendesha poa kwa muda. Bila hivyo, leseni safi itakuwa ya mwenye pesa.

Na dere wangu, hiyo simu iache ilie. Ukifika stage utapiga.