Mashauri kwa Wachumba: Pete ya Kimondo



Wiki hii twapenda kujibu jambo linaloulizwa na vijana walio karibu kufunga ndoa. Wameona katika simu pete za arusi zilizofanywa kwa chuma cha kimondo, nao wauliza kama zamfaa Mkristu, na kama zaweza kudumu kidoleni mwa mvuvi au mkulima wa Lusenda.

Kwanza tujue ni kitu gani. Kimondo si nyota, ingawa watu husema nyota imeanguka. Ni kipande cha jiwe au cha chuma kilichokuwa kikilizunguka jua, kikaanguka duniani. Jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanacho kimoja kikubwa: kimondo cha Mbozi, katika mkoa wa Songwe, Tanzania, ambacho habari zake zilienea ulimwenguni tangu mwaka 1930. Urefu wake ni kama mita 3. Chuma ni kama sehemu 90 kwa mia, na nikeli karibu 9. Hicho ni urithi wa taifa, wala si cha kukatwa pete. Pete nyingi hutoka katika vimondo vya Gibeon, Namibia, na vya Muonionalusta, kaskazini ya Uswidi. Namibia huvilinda vimondo vyake kwa sheria. Kwa hiyo mnunuzi mwaminifu humwuliza sonara chuma chake kimetoka wapi, naye hutaka kuona hati. Haipendezi kupeleka mali ya wizi mbele ya altare ili ibarikiwe.

Sifa ya pete hizo ni mistari yake. Chuma hicho kilipoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, hata chembe zake zikajipanga kama ukili uliosukwa. Sonara hukikata na kukitia tindikali, ndipo mistari huonekana. Lakini wadanganyifu huichora juu ya chuma cha kawaida. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mwogope yule anayekufuata njiani na jiwe jeusi mkononi akisema limetoka mbinguni. Sumaku hushika chuma cha kimondo. Isiposhika, umedanganywa, ikishika, bado usishangilie, maana hushika hata msumari.

Mkichagua, angalieni mambo mawili. Nikeli huwawasha watu wengine ngozi. Afadhali pete iwe na dhahabu au titani upande wa ndani. Tena pete ya namna hii ni vigumu kuipanua baadaye. Pimeni kidole zaidi ya mara moja, asubuhi na jioni, kwa kuwa kidole huvimba wakati wa joto.

Adui yake ni kutu. Ivueni kabla ya kuvua samaki, kufua, kulima na kuoga. Isiguse chumvi ya kukaushia samaki, wala maji ya javeli. Ikilowa, ifuteni mara moja kwa kitambaa kikavu, kisha mpake tone la mafuta ya cherehani na kufuta yanayozidi. Kutu kidogo huondolewa kwa mswaki laini na mafuta. Msiisugue kwa mchanga wala majivu, mtafuta mistari. Kutu ikiingia ndani, mpelekeeni sonara. Tindikali si kitu cha kuchezewa nyumbani.

Sasa neno lililo kubwa zaidi. Pete hiyo si hirizi. Haifukuzi pepo, haileti watoto, haimzuii mume kutanga. Wala Kanisa halikuagiza pete iwe ya madini fulani. Ndoa hufungwa kwa ukubali wa bwana arusi na bibi arusi; pete ni ishara ya uaminifu wao. Pete nyembamba ya fedha, ikiisha kubarikiwa, yatosha kabisa.

Twasema hivi kwa sababu twaona wachumba wanaoahirisha Sakramenti mwaka hata mwaka, wakikaa pamoja bila baraka, ati fedha za sherehe hazijatimia. Hapa Lusenda, ambapo kambi ya wakimbizi wa Burundi ilifunguliwa mwaka 2015, wako waliofika bila godoro, seuze pete. Je, tuwaambie wangoje chuma cha mbinguni? Na mvuvi auzaye wavu wake ili anunue pete, atamlisha nini mkewe mwezi wa pili?

Nanyi wazazi, msiwatwike vijana mzigo wa fahari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye uwezo anunue apendacho kwa haki, akitunze. Asiye na uwezo asione haya: aende kwa padri wa paroki yake juma hili hili, amweleze hali yake, waandikishe siku ya ndoa.