Tuutazame Utumbo wa Kuku

Sikukuu iwadiapo mama huchinja kuku, nao watoto hupewa kazi ya kusafisha matumbo. Leo tusiyatupe kabla ya kuyatazama, kwani yana fundisho kwa kila mfugaji.

Utumbo mwembamba wa kuku mkubwa wapita urefu wa mita 1. Sehemu yake ya kwanza imejikunja kama kitanzi na kuikumbatia kongosho. Njiwa naye ana kitanzi hicho. Lakini pale utumbo mwembamba ukutanapo na ule mnene, tofauti yaonekana wazi. Kuku ana vifuko viwili virefu, ambamo mabaki ya chakula huchachuka. Vya njiwa ni vya milimita chache tu. Mwewe, alaye nyama, hana haja ya vifuko virefu, maana nyama huyeyuka upesi kuliko majani. Muumba amempa kila mmoja chombo kifaacho chakula chake.

Sasa tupasue utumbo wa kuku, tuuoshe, tuuguse ndani. U laini kama mahameli. Ulaini huo ni wa vinyweleo vingi mno, virefu mwanzoni mwa utumbo na vifupi kuelekea mwisho. Ndivyo vinyonyavyo chakula na kukitia katika damu. Ngozi yake nyembamba hujifanya upya kila baada ya siku chache.

Basi, kwa nini kifaranga hudhoofu hali chomboni mna mahindi? Mara nyingi ni vijidudu viitwavyo koksidia. Aina moja hushambulia vile vifuko viwili, kifaranga akahara damu. Nyingine huharibu vinyweleo vya utumbo mwembamba. Mnyonge hula, asishibe. Vijidudu hivyo hutoka katika mavi na kupevuka penye unyevu. Nasi hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, twajua jinsi mvua ilowezavyo banda.

Kwa hiyo, wanafunzi, Jumamosi hii fagieni banda, tieni matandiko makavu, inueni chombo cha maji kisichafuliwe, kisha nawieni mikono kwa sabuni. Akionekana mgonjwa, atengwe, na mganga wa mifugo aulizwe mapema. Kuku wachache wakipona, daftari na karo hupatikana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wenyewe, ndugu zetu, ni mdogo kuliko jicho liwezavyo kuona.